Mgongo wa Colman

Sura ya Saba

Ukitaka kumjua Colman Feeney, mtazame akiwa ndani ya kaburi. Asubuhi ile ya Jumatano alikuwa amezama hadi kifuani katika makaburi ya Cloonbrack, mvua inamchapa kisogoni, na udongo unaruka juu na kutua palepale, lundo moja, bila donge hata moja kupotea njia. Wenzake watatu walikaa ukingoni wakivuta sigara. Si kwamba walikuwa wavivu. Walijua tu kuwa kumsaidia Colman ni kumchelewesha.

Malachy Concannon alisimama langoni chini ya mwavuli unaovuja, nyonga inamuuma. Alikuwa sajenti wa polisi miaka thelathini, na sasa alikuwa mstaafu anayewatafutia mawakili warithi wa watu waliokufa bila wosia. Kazi hiyo haina bunduki wala pingu. Unauliza nani alimzaa nani, nani alioa wapi, nani alipanda meli asirudi, mpaka ukoo mzima usimame mbele yako.

Ukoo wa Tarpey alikuwa ameshaumaliza. Aliufuata nyuma hadi kwa yule babu aliyeng'ang'ania vieka vyake vichache vya ardhi mwaka wa njaa kuu, majirani wakifa na majani mdomoni, kisha akaushuka tena hadi kwa Sabina Tarpey, mwanamke ambaye hakuolewa, aliyekufa mwezi wa pili mwaka huu wa 1974. Kaka zake wawili, Dominick na Anthony, walitangulia, makapera wote. Ndugu wa karibu aliyebaki alikuwa binti wa binamu yake huko Cleveland, Marekani, ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi hii ya Mayo, Ayalandi, hata kwa ndoto. Huyo alimwambia wakili Gannon kwa simu auze kila kitu, na aharakishe.

Na Colman je? Colman aliletwa katika nyumba ile akiwa na miaka minne, kutoka nyumba ya watoto wasio na wenyewe. Alikua akichunga, akawa mtumishi, akawa mikono na miguu ya shamba zima. Wakili akitia saini Ijumaa, Colman anatoka. Ng'ombe anaowaita kwa majina wanakwenda mnadani, na hata kitanda anacholalia kisheria si chake.

Concannon angeweza kukabidhi kazi yake, apokee ujira wake na akalale usingizi. Lakini kulikuwa na jambo limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya maziko ya Sabina na yeye alikuwepo, maana huku mtu hakosi maziko hata ya adui yake. Aliwaona wachimbaji wakihangaika na mawe, wakitukana chinichini padri asiwasikie, huku Colman, mchimbaji bora wa parokia nzima, amesimama kando ya ukuta, mikono mfukoni.

Pakie Ruane alimwona langoni, akainuka, akaja akijifuta matope. Shamba lake lilipakana na la kina Tarpey.

"Karibu, Sajenti. Umekuja kujichagulia sehemu?"

"Nikichimbiwa na nyinyi nitafika ahera nimepinda. Nitamngoja yule."

"Basi panga foleni. Marehemu wote wanamtaka Colman."

"Isipokuwa Sabina."

Sigara ya Pakie ilisimama njiani kuelekea mdomoni. "Una maana gani?"

"Hakumchimbia Sabina. Nilikuwepo. Wewe jasho lilikuwa linakutoka kama ng'ombe anayezaa, na yeye amesimama ukutani."

"Mgongo ulimuuma."

"Ahaa."

"Mgongo, bwana. Si unajua mgongo ulivyo."

Kule shimoni Colman aliinama, akakumbatia jiwe lenye ukubwa wa kondoo, akalipandisha ukingoni kwa mikono mitupu. "Lishikeni hilo," akasema, akaendelea na kazi. Concannon alilitazama lile jiwe, kisha akamtazama Pakie. Pakie akaona heri atazame mawingu.

Hughie Mulchrone, mchimbaji wa pili, alikuwa bombani akiosha sepetu. Concannon alimfuata, akamwuliza swali lilelile kabla hajapata nafasi ya kukonyezana na mtu.

"Mgongo ulimuuma," alisema Hughie. "Si unajua mgongo ulivyo."

"Na Anthony Tarpey alipokufa?"

"Mgongo pia, nadhani."

"Na Dominick, miaka ile ya nyuma? Colman alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu."

Hughie aliangaza macho kumtafuta Pakie. Pakie alikuwa mbali. "Ulikuwa... ulikuwa ndiyo kwanza unaanza."

"Loo! Mgongo wenye adabu huo. Unangoja afe mtu wa Tarpey ndipo uume."

Hughie alicheka kidogo, kisha akagundua kwamba hapakuwa na mzaha, akarudi kuosha sepetu ambayo ilikuwa tayari inang'aa.

Concannon alirudi garini, akafunga mlango, akakaa akisikiliza mvua juu ya bati la gari. Miaka thelathini ya kuhoji watu ilimfundisha kwamba kila anayesema kweli huja na maneno yake mwenyewe, ila waongo huvaa sare. Watu wawili walikuwa wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa moja. Kwa nini wapatane kumfichia mtu jambo dogo kama kutochimba kaburi?

Jibu lilimjia ghafla, akapiga usukani kwa kiganja. "Mjinga wewe, Malachy! Umezaliwa huku huku!"

Maana hakuna mtu wa Mayo asiyelijua. Damu haimchimbii damu yake. Mtu akifa, watu wake husimama ukutani na majirani ndio hushika sepetu. Wakimaliza, sepetu mbili hulazwa juu ya kaburi zikipishana, kisha wachimbaji hupewa chupa yao ya pombe. Ndivyo alivyozikwa baba yake Concannon mwenyewe, na yeye aliambiwa asimame kando akasimama. Siku ya Sabina watu walipanga mstari mbele ya Colman pale ukutani, wakampa mkono mmoja mmoja na pole. Yeye sajenti mzima aliona kwa macho yake, akadhani ni heshima tu kwa mtumishi aliyebaki peke yake.

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimemhesabu Colman kuwa Tarpey tangu zamani.

Kutoka kibanda cha simu karibu na posta alimpigia wakili Gannon mjini, akamweleza kwa nini aliamini Colman ni mtoto wa Sabina mwenyewe. Gannon alimsikiliza hadi mwisho, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Malachy, kama kweli ni mtoto wa Sabina, hata wa nje ya ndoa, na hakuzaa mwingine, sheria inampa yote. Nyumba, ng'ombe, kila kitu. Yule wa Cleveland hana lake."

"Basi si ndiyo hiyo!"

"Ndiyo nini? Colman mwenyewe adai, na mtu aape mbele ya jaji kule Castlebar kwamba anajua. Niletee mtu, Malachy. Usiniletee sepetu."

"Masista wa ile nyumba ya watoto..."

"Umeshakwenda mara mbili. Walikuambia nini?"

Hawakumwambia kitu. Walimpa chai kwenye kikombe kizuri na kumsindikiza hadi mlangoni.

"Ijumaa asubuhi natia saini," alisema Gannon. "Sina njia nyingine. Naomba Mungu ukosee au ufanikiwe, lakini usiniache katikati."

Delia Hession, mkunga wa zamani, alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko mtu yeyote wa Cloonbrack, na nusu ya parokia ilitua duniani mikononi mwake. Concannon hakupata hata nafasi ya kuvua koti. Alijikuta amekalishwa karibu na moto wa mboji kavu ya kinamasi, kikombe kimejaa, mkate wa magadi umekatwa vipande vinene mbele yake.

"Kunywa kwanza. Maswali yasubiri."

"Umejuaje nina maswali, mama?"

"Sajenti, wewe tangu uvalishwe kofia ile hujaingia nyumba ya mtu bila maswali. Paka siagi hiyo, usinionee haya."

Alipaka siagi, akala, akasifia mkate. Kisha akaanza.

"Niambie habari za Scotland."

"Mimi? Hata Dublin sijafika!"

"Sabina alifika. Mwaka wa 1929, akiwa msichana, alikwenda kuvuna viazi."

"Wengi walikwenda. Vijana wote wa huku walikwenda."

"Walikwenda Juni wakarudi Oktoba. Sabina aliondoka Novemba akarudi Machi. Nimeuliza wanaokumbuka, na wote wanakumbuka hivyo hivyo. Mama, nani anavuna viazi Scotland mwezi wa pili?"

Delia alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Labda vilichelewa."

"Viazi?"

"Mwaka ule baridi ilikuwa kali."

"Baridi ilikuwa kali ndiyo wakavuna! Haya, tuyaache ya viazi. Miaka minne baadaye mzee Austin, baba yake Sabina, anakwenda kuchukua mtoto wa kulelewa. Enzi zile wakulima walichagua watoto wa namna gani?"

"Wenye nguvu. Wa miaka kumi, kumi na mmoja. Wa kubeba ndoo."

"Austin akarudi na wa miaka minne. Kitoto kisichoweza kubeba kikombe. Na Austin, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kulisha mdomo usiofanya kazi."

"Bahili yule!" alisema Delia, akifurahi kupata jambo la kukubaliana. "Alikuwa akihesabu mayai kabla kuku hajainuka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini, mwanangu? Una viazi na una ndoo. Huo ndio ushahidi wako?"

Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Aliweka kikombe chini. Hakupenda alichotaka kufanya, lakini alikuwa na siku moja tu mbele yake.

"Ulimzalisha wewe, mama?"

"Mimi? Haki ya Mungu, siyo mimi! Alipelekwa mbali kabla hata tumbo..." Delia alijifunika mdomo kwa kiganja.

Moto ulitoa mlio mdogo. Kisha Concannon akasema polepole, kama anayemwita ndege, "Njoo na mimi Castlebar kesho. Sema hilo tu ulilolisema sasa hivi. Basi. Sitakuuliza jingine."

"Siwezi."

"Keshokutwa wanamtoa, mama. Ana miaka arobaini na minne, hajui nyumba nyingine duniani. Atakwenda wapi?"

"Unadhani sijui?" Machozi yalimtoka yule bibi, akayapangusa kwa hasira kwa pindo la aproni. "Unadhani nalala mimi? Nilimwona anapita asubuhi, nikajificha nyuma ya pazia kama mwizi nisimtazame usoni. Siwezi, Sajenti. Nimeombwa."

"Umeombwa na nani? Sabina amekwisha kufa!"

"Si Sabina."

"Na nani basi?"

"Kunywa chai yako," alisema Delia. Tangu hapo akawa kama ameziba masikio kwa pamba, na kila alichoulizwa alijibu kwa habari za mvua.

Concannon alitoka akiwa anachemka. Kumbe kuna mtu amezunguka nyumba hadi nyumba kuwafunga watu midomo! Na ni nani mwenye faida shamba likipigwa mnada? Haikuhitaji akili nyingi. Malisho ya chini ya kina Tarpey, yale mazuri yasiyotuama maji, yaliingia ndani ya shamba la Pakie Ruane kama ulimi mdomoni. Kijiji kizima kilijua Pakie anavyoyatazama. Pakie ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema habari za mgongo. Pakie ndiye Hughie aliyemtafuta kwa macho.

Alimkuta langoni kwake akifunga waya. Concannon hakusalimu.

"Umewaambia nini watu, Pakie?"

"Nimewaambia watu nini kuhusu nini?"

"Delia anasema ameombwa anyamaze. Hughie anaongea maneno yako kama kasuku. Na malisho ya chini yanauzwa Ijumaa. Nilikuwa polisi, si mchungaji wa bata. Unataka kununua shamba la mtu kwa kuwafunga majirani zake midomo!"

Pakie aliacha koleo la waya likaanguka matopeni. Alikuwa mtu mwekundu kwa kawaida, sasa akageuka rangi ya nyama mbichi.

"Toka langoni kwangu."

"Jibu kwanza."

"Nijibu? Haya, nakujibu! Tangu lini nayataka yale malisho? Tangu nizaliwe! Baba yangu aliyataka, babu yangu aliyataka. Ni malisho mazuri, nani asiyetaka? Lakini niyapate kwa kumtupa Colman barabarani? Mtu aliyenitolea ng'ombe watatu kwenye kinamasi, kamba kiunoni, mimi nikiwa kitandani na homa? Unaniona mimi mbwa?"

"Basi kaape! Kesho, Castlebar. Sema unajua yeye ni nani."

"Aniombe yeye," alisema Pakie, na sauti ikamkatika katikati. "Aje Colman hapa aseme neno moja, 'Pakie, kaape.' Nitaapa mbele ya jaji, na askofu, na Papa mwenyewe akitaka kuja. Hughie ataapa. Delia tutambeba kwenye kiti. Aniombe tu! Nimemwambia mwenyewe, nimempigia magoti, mimi, kwenye zizi lake, nikalowana suruali. Sajenti, unadhani ni mimi nilimpa mgongo ule? Ule mgongo ni wake!"

Concannon alibaki amesimama, maji ya mvua yakimshuka shingoni. Alitamani kuomba radhi na hakujua aanzie wapi. Pakie aliinama kutafuta koleo lake, akamgeuzia kisogo.

Jioni ilikuwa inaingia alipofika kwa kina Tarpey. Jikoni kulikuwa na taa, lakini hapakuwa na mtu. Sanduku la bati lilikuwa mezani, limefungwa kamba. Aliufuata mwanga mwingine hadi zizini.

"Nani hapo? Njoo ushike kamba," ilisema sauti ya Colman, kama kwamba alikuwa akimngoja.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, anaguna, na kwato mbili ndogo zimetokeza. Concannon alitupa mwavuli, akashika kamba. Walivuta pamoja kila ng'ombe alipojikaza, wakapumzika alipopumzika. Colman alimnong'oneza ng'ombe maneno ya Kiayalandi yasiyo na maana yoyote zaidi ya upole. Ndama alitoka ghafla, mzima, akaanguka juu ya majani na mvuke unamtoka. Colman akamwingiza kidole mdomoni, akamsafisha pua, akamsugua kwa nguvu mpaka akapiga chafya.

"Dume," alisema. "Basi. Mama yake ameshindwa siku nzima." Alinawa mikono kwenye ndoo. "Pakie amepita hapa. Kasema mmegombana."

"Nilimkosea. Nitakwenda kwake."

"Utafanya vizuri. Ameumia."

Concannon alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu nyonga ilikataa zaidi. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka. "Colman, najua wewe ni nani."

"Kila mtu anajua, Sajenti."

"Basi kwa nini? Niambie hilo tu. Shamba ni lako. Kesho saa nne tunakuwa Castlebar, saa saba umerudi kukamua. Kwa nini?"

Colman alijikausha kwa gunia, kidole baada ya kidole. "Kortini wataniuliza mimi ni mtoto wa nani."

"Ndiyo."

"Na nikishasema, watasema na wengine. Delia, Pakie. Watalisoma jina lake kwa sauti, na gazeti litakuwepo. Bi Sabina alikaa kiti cha mbele kanisani miaka yote. Alikuwa anapita barabarani kichwa juu. Hicho kichwa kilimgharimu, Sajenti. Wewe hujui. Nimshushe mimi, sasa hawezi hata kujibu?"

"Angetaka uwe na nyumba yako!"

"Labda. Hakusema."

"Hakukuambia? Hata alipokuwa anakufa?"

"Aliniambia nisisahau kuziba bomba la bafuni lisipasuke kwa baridi."

"Hakuwahi kukuita mwanangu. Hata mara moja."

"Hapana. Aliniita Colman. Mimi nilimwita Bi Sabina."

"Sasa wewe ulijuaje?"

Colman alikaa juu ya majani karibu na ndama, mgongo ukutani. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu aliyechoka.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mzee Austin alikufa. Nikasema, huyu amenilisha, nitamchimbia. Nikatangulia makaburini, nikachukua sepetu, nikachoma ardhi. Watu wakasimama. Baba yake Pakie akaja, akaniondolea sepetu mkononi taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akasema, 'Wewe hapana, mwanangu. Nenda kasimame na wako.' Akanielekeza ukutani. Nikageuka. Ukutani wamesimama Dominick, Anthony na Bi Sabina. Hakuna aliyecheka. Nikamtazama Bi Sabina, naye akatazama chini. Kisha akasogea kidogo, akaniachia nafasi."

Ng'ombe aligeuza shingo, akaanza kumlamba ndama.

"Nikaenda nikasimama hapo," alisema Colman. "Kila walipozikana nilisimama hapo. Hatukuongea habari hiyo tena hata siku moja. Na watu wa nje tuliwaambia ni mgongo."

"Utakwenda wapi?"

"Coventry, kule Uingereza. Kuna mtu anahitaji wachimba mitaro. Kuchimba najua."

"Una miaka arobaini na minne!"

"Wanasema hawaulizi."

Concannon aliinuka kwa taabu. Alijisikia mzee, na bure kabisa, kama siku moja enzi za upolisi alipofika ziwani na kukuta watu wameshamtoa mtoto majini, amekufa. Ukoo wote ulikuwa mkononi mwake, kutoka kwa yule babu wa njaa hadi kwa huyu hapa kwenye majani, haukupungua hata jina moja, na haukuweza kumwachia mtu mmoja kitanda chake. Alijaribu mara ya mwisho, kwa ukali, maana upole ulikuwa umemwishia.

"Na mimi nikiapa? Mimi sijaombwa na mtu. Umeniambia hapa hapa, kwa mdomo wako. Nitakwenda kwa jaji nimwambie ulivyoniambia!"

Colman alimtazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo Concannon aliyoshindwa kuivumilia.

"Nimekuambia nini, Sajenti? Umeniuliza kwa nini sikumchimbia bosi wangu. Nikakuambia mgongo ulikuwa unaniuma."

Kisha akapiga goti, akapitisha mikono chini ya ndama, akamwinua mzima mzima na uzito wake wote wa maji, akambeba hadi kwenye majani makavu upande wa pili.